Mlio Kutoka Darajani

Jumatatu, 3 Machi

...na ndiyo maana jana nilimwambia jirani yangu Shamimu (sikumaliza, mtoto wake alimwita) kwamba mimi sihitaji simu ya kuniambia mume wangu anakuja. Nalisikia gari. Likifika tu darajani, kabla halijapandisha kuingia mjini, nausikia mlio wake, nguuuuu, kama mtu anayeimba huku amefumba mdomo, na moyo wangu unaruka mpaka inabidi nishike ukuta. Shamimu akacheka. "Bibi harusi, hiyo ni homa ya wiki sita. Itashuka."

Haitashuka! Naandika hapa ili miaka ishirini ijayo nimsomee.

Daftari la kwanza limejaa, harusi peke yake imekula kurasa thelathini na moja, kwa hiyo nianze vizuri. Mimi ni Magreti, mke wa Elia. Nimeandika "mke wa Elia" pembeni mara tatu kwa miandiko mitatu, na yote inapendeza. Elia ni mpishi kwenye hoteli moja ya watalii kule Mikumi. Wapishi wanalala wanne chumba kimoja na wake hawaruhusiwi kulala, kwa hiyo mimi nakaa hapa Kilosa kwa mama yake, karibu na stesheni ya zamani. Mapumziko yake ni Jumanne na Jumatano. Yaani kwa wiki nina mume siku mbili, na siku tano nina mama mkwe.

Kesho ni Jumanne!

Jumanne, 4 Machi

Amekuja. Sina nafasi ya kuandika.

Alhamisi, 6 Machi

Ameondoka saa kumi na moja alfajiri. Nilisimama barazani na khanga begani mpaka mlio ulipovuka daraja, ukawa mwembamba, ukawa kama mbu, ukaisha. Bado mto wake una harufu ya iliki.

Sijaeleza habari za gari. Ni jekundu, lina milango miwili, liko chini kiasi kwamba ukishuka unajikuta umechuchumaa. Taa zake za mbele zimejificha ndani ya boneti, na ukiziwasha zinafumbuka kama macho. Watoto wa mtaani wanaliita Chura. Meneja wa zamani, mgeni, alimwachia Elia alipokuwa anarudi kwao, kwa sababu ya supu ya kuku aliyompikia siku alizokuwa anaumwa. Lina miaka thelathini na mbili. Mimi nina ishirini na tatu. Namwambia Elia yeye ameoa wake wawili na mkubwa ndiye anayenguruma.

Jana tulipokuwa tumelala akasema, "Magi, huu mlio watu kazini wanaucheka. Mmoja anasema ni matairi, mwingine anasema ni beringi. Nilipeleke kwa fundi?"

Nikamziba mdomo. "Usiliguse! Ukilinyamazisha nitajuaje kwamba unakuja?"

Akacheka mpaka kitanda kikalia. "Basi, mke wangu. Haliguswi."

Nani mwingine ana mume wa namna hii?

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe. Jina lake ni Hildegarda, ni mtu wa Malolo, mjane. Namsalimia shikamoo, anaitikia marahaba, na mara nyingi hayo ndiyo mazungumzo yetu mpaka mchana. Jioni anapiga simu kwa dada yake, wanaongea kwa lugha ya kwao, na anacheka. Kwangu hacheki. Mimi ni mtu wa Morogoro mjini, lugha hiyo siijui hata neno, ila jina langu nalisikia humo ndani.

Leo tulipokuwa tunachambua mchele akasema ghafla, "Gari la mwenzako lina maumivu."

"Ndivyo linavyoimba, Mama."

Akanitazama muda mrefu. "Linaimba," akasema, akarudi kwenye mchele.

Wivu wa mama, nadhani. Nimesikia wanakuwaga hivi kwa mtoto wa kiume mmoja.

Jumatano, 12 Machi

Siku nzuri kuliko zote tangu harusi! Elia alinitembeza kwenye lami ya kuelekea Rudewa, madirisha wazi, mimi nimekaa kushoto kwake na mkono wake mmoja umeshika wangu (anaurudisha kwenye usukani kwenye kona tu). Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na majani yote yamelowa yanameremeta. Nikafumba macho nisikilize. Naandika ili nisisahau: tukienda polepole gari linanong'ona, tukiongeza mwendo linapandisha sauti, na kwenye kona ndipo penye utamu wenyewe. Tukikata mkono wa kushoto linaimba kwa nguvu zote, tukikata mkono wa kulia linanyamaza kabisa, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kiitikio. Nikamwambia, "Elia, linaimba upande wa moyo." Akanibusu mbele ya watu wa mahindi ya kuchoma!

Jumatatu, 17 Machi

Masika yameanza kweli. Mabati yanapigwa tangu usiku.

Jumanne, 18 Machi

Hakuja. Kuna mpishi mwenzake anaumwa. Nilikuwa nimeshapaka hina.

Jumatano, 19 Machi

Treni ya umeme imepita kule kwenye reli mpya. Mama mkwe alikuwa anaanua nguo, akasimama nazo mkononi mpaka ilipopotea. "Haina mlio," akasema. Sikujua kama anaisifu au anailaumu.

Alhamisi, 27 Machi

Alikuja Jumanne na habari. Alipeleka gari kwa fundi kule Mikumi. Nilinuna kidogo, akanibembeleza, akasema likifika mwendo wa themanini usukani ulikuwa unatetemeka na hakutaka kunitia wasiwasi. Fundi amebadilisha beringi ya gurudumu la mbele, upande wa kushoto. Ameigongea kwa nyundo saa nzima.

"Sasa limepona," Elia akasema.

Lakini mimi niliusikia mlio tangu darajani, vilevile, labda mkubwa zaidi! Nikamwambia. Akakuna kichwa. "Fundi kasema beringi mpya inalia mpaka izoee."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaimba jikoni.

Mama mkwe alisimama kwenye kibaraza mikono kiunoni, anaangalia magurudumu. "Nani kakuambia ni la kushoto?"

"Masikio yangu, Mama."

Alifungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Shamimu ameleta pilau na watoto wake wanne wamevaa nguo mpya za rangi moja. Walikaa nusu saa. Walipoondoka nyumba ikawa kubwa.

Jumanne, 1 Aprili

Hakuja. Mto Miyombo umefunika barabara.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Hakuja.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimeota mlio. Nikaamka, nikakimbia barazani. Ilikuwa mashine ya kusaga.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua. Hakuja. Mtandao unashika ukisimama juu ya ndoo karibu na choo. Nilisimama juu ya ndoo dakika arobaini. Tuliongea tatu. Akasema, "Nakuwazia." Ikakatika. Nikabaki juu ya ndoo.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Hoteli imejaa, wamezuia likizo zote. Tulikwenda kanisani mimi na mama mkwe chini ya mwavuli mmoja, mtu bega huku, mtu bega kule, katikati hamna kitu isipokuwa mpini. Watu wakauliza, "Bwana yuko wapi?" Nikajibu mara kumi na tatu kwa uso wa furaha. Nilipofika nyumbani mashavu yalikuwa yanauma.

Nampenda kupita kiasi. Ila leo nimejiuliza, je, mtu anaweza kuolewa na sauti?

Jumatano, 23 Aprili

Nitaandika yote.

Jana barabara ilikuwa imefunguka. Alisema atatoka Mikumi saa nne asubuhi. Niliamka saa tisa alfajiri kukanda chapati, japo yeye ndiye mpishi na zangu zinatoka kama ramani. Saa saba mchana nilikuwa nimevaa. Saa nane nikakaa barazani. Mvua ilikuwa imekatika na ilikuwa kimya kiasi kwamba ungesikia mlio hata kutoka ng'ambo ya daraja.

Mama mkwe akaleta kigoda chake akakaa. Hajawahi kukaa nami kumsubiri. Alikuwa na ungo wa kunde, lakini niliona anachambua zilezile.

Saa tisa. Malori mawili, trekta, pikipiki. Simu haipatikani.

Saa kumi mama mkwe akaniuliza bila kuinua uso, "Mara ya mwisho lilikuwa linatetemeka?"

"Usukani, Mama. Alisema ni usukani."

Akaweka ungo chini. Akaingia ndani, akatoka amejifunga khanga ya pili, akatembea mpaka barabarani akasimama huko, yeye ambaye magoti yanamuuma. Nikamfuata. Tukasimama pamoja. Hapo ndipo nilipojua kwamba wiki zote hizi, nilipokuwa nautegea mlio sikio, tulikuwa wawili.

Saa kumi na moja bodaboda ikashusha mtu. Alikuwa matope tangu nywele mpaka viatu, mkono mmoja umefungwa kitambaa chekundu chenye miraba. Nilimwambia, "Karibu," kama mgeni. Naapa sikumjua mume wangu. Mama yake ndiye aliyemshika uso, akaufuta kwa khanga, na ndani ya matope akatoka Elia, anacheka.

Alisimulia huku anakula chapati zangu zote. Tangu Zombo alisikia harufu ya grisi inaungua. Akikanyaga breki, pedali inakwenda chini kuliko kawaida. Alipopita kijiji cha Ulaya, kwenye mteremko wa kuelekea mtoni, ng'ombe walikuwa wanavuka. Akakanyaga. Pedali ikalala sakafuni. Akakanyaga tena na tena, gurudumu la mbele likacheza kama jino bovu, gari likamvuta, likaacha barabara likaingia mtaroni. Mwenye ng'ombe, bwana mmoja anaitwa Metito, ndiye aliyemtoa dirishani na kumfunga mkono kwa kipande cha shuka lake.

"Halafu akainama akanusa gurudumu," Elia akasema. "Akaniambia, 'Rafiki, hili lilikuwa linaungua tangu mbali. Wewe pua huna?' Nikamwambia mimi ni mpishi! Akasema, 'Basi sitakula kwako.'"

Alicheka peke yake.

"Toka hapo mpaka maji?" mama yake akauliza.

"Hatua kumi na nne. Nilizihesabu."

Mto umejaa.

 Halafu mama mkwe akauliza swali la ajabu. "Likikata kona ya mkono wa kushoto, linafanyaje?"

"Sijui, Mama. Linalia tu."

"Na mkono wa kulia?"

"Sikumbuki."

Mimi nilikumbuka. Niliingia ndani nikachukua daftari hili, nikafungua tarehe kumi na mbili Machi, nikaanza kusoma. Nilipofika kwenye mkono ulioshika mkono nikaruka mstari.

"Usiruke," mama mkwe akasema. "Soma kama ulivyoandika."

Nikasoma yote. Yote! Upande wa moyo, busu, mahindi ya kuchoma. Masikio yangu yaliwaka. Lakini mama mkwe hakucheka. Alikuwa amefumba macho, mkono wake unapinda hewani, kushoto, kulia, kama ndiye aliyeshika usukani.

"Ni gurudumu la kulia," akasema. "Gari likikata kushoto, uzito wote unamwegemea wa kulia. Mgonjwa akibebeshwa mzigo ndipo anapolia. Likikata kulia, mzigo unahama, anapumua. Mmetoa nzima, mmeacha mbovu. Na gurudumu likicheza, breki inakosa pa kushika."

Elia akaacha kutafuna. "Lakini mimi nilisikia kushoto."

"Sikio lako la kushoto ndilo linalokaa upande wa mkeo. Ulikuwa unasikiliza huko."

Alhamisi, 24 Aprili

Elia amerudi kazini kwa basi. Mkono una nyuzi tano. Gari limebaki Ulaya, nyumbani kwa Metito, limefunikwa turubai. Mkewe Seleina anasema mbuzi wamelipenda.

Nilimkuta mama mkwe jikoni, nikapiga magoti hapohapo penye majivu. "Mama, mimi ndiye niliyemkataza. Alitaka kulipeleka kwa fundi tangu mwanzo wa Machi. Nilimwambia asiliguse, kwa sababu napenda kumsikia akija."

"Najua. Nyumba hii ina ukuta wa tofali moja."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Inuka, utachafua gauni." Akasogeza chungu.  "Na mimi nilijua ni beringi. Tangu siku ya kwanza. Nikanyamaza. Nilisema hayo ni ya watu wawili, na mama mkwe akitia mguu, wataniambia naivunja ndoa ya mwanangu. Kwa hiyo usipige magoti peke yako."

Baba yake Elia, kumbe, alikuwa mkaguzi wa mabehewa. Treni ikisimama alikuwa anatembea ubavuni mwake na nyundo ndefu, anagonga gurudumu moja moja. Zima linalia kama kengele, lenye ufa linalia kama chungu. Beringi alikuwa anazigusa kwa nyuma ya kiganja kujua kama zina homa. Mama alikuwa anampelekea chakula, anakaa kwenye mataruma ya reli kumsubiri, na kwa kusubiri akajifunza.

"Nyundo yake niliisikia nikiwa hapa hapa jikoni," akasema. "Ikinyamaza, nasonga ugali."

Jumamosi, 26 Aprili

Lori la mahindi limelileta. Chura amefumbuka jicho moja, la pili limeziba matope. Nililipigapiga boneti kama mgongo wa ng'ombe. Sikujua kama nalipenda au naliogopa.

Jumapili, 27 Aprili

Beringi imeagizwa Morogoro, inakuja na basi kesho. Mvua ndogo.

Jumanne, 29 Aprili

Jumanne bila Elia (anafidia siku za ajali), lakini sikuwa na muda wa kulia!

Jana jioni beringi ilifika. Ni bangili nene ya chuma, inang'aa, nzito kuliko inavyoonekana, na ndani yake bangili nyingine inazunguka bila kutoa hata pumzi. Mama mkwe akaifunga ndani ya mifuko miwili ya nailoni, akaiweka kwenye friza ya friji letu la harusi, katikati ya samaki na barafu za ukwaju ninazouza. "Chuma kikipoa kinanywea," akasema. "Ilale humo mpaka asubuhi."

Asubuhi akaja fundi Yared na boksi lake la vifaa. Kabla hajafungua nati yoyote, mama alitaka kuhakikisha. Akamwambia ainue upande wa kulia kwa jeki, ashike gurudumu juu na chini, alitikise. Koto, koto, koto. Hata mimi niliona. Halafu akanituma jikoni nimletee mwiko mrefu wa ugali. Akakaa chini kwenye gunia, akaegemeza kichwa cha mwiko kwenye chuma kinachobeba gurudumu, na mpini akauma kwa meno.

Yared akanitazama. "Mama anafanya nini?"

"Zungusha," mama akasema kwa mdomo uliojaa mti.

Akazungusha. Mama akatikisa kichwa, akaupangusa mpini kwa khanga, akanipa. Nikauma. Jamani! Sauti ilipita kwenye meno ikaingia kichwani: kwaru-kwaru-kwaru, kama mtu anatafuna kokoto gizani. Huo ndio wimbo wangu. Niliouita wimbo. Niliutoa mwiko mdomoni nikageuka pembeni, kwa sababu nilikuwa nimeona yale maji, na hatua kumi na nne.

Yared alipotoa beringi ya zamani, mipira ya ndani ilikuwa ya bluu kwa kuungua na njia yake imeliwa vishimo. Kisha akaja na ile mpya kutoka kwenye friza, ina umande, inanuka ukwaju, na nyundo mkono wa pili.

"Weka nyundo chini," mama akasema.

"Mama, ndivyo tunavyofanya."

"Ndivyo mnavyoziua. Ya kushoto mwenzako kaipiga saa nzima. Nayo utaitoa, tutanunua nyingine."

"Sasa itaingiaje, kwa maombi?"

"Kwa jiko."

Nikawasha jiko la mkaa. Kile chuma kinachobeba gurudumu kikawekwa juu, kidogo tu, mpaka mkono haukuweza kukaa. Yared akakinyanyua kwa koleo huku ananung'unika kwamba tangu azaliwe hajawahi kupika gari, akakiweka juu ya gogo, akaishusha beringi baridi ndani ya tundu la moto. Ikateleza! Ikaingia yenyewe mpaka nusu. Mama akampa bangili ya nje ya ile beringi ya zamani aiweke juu yake, agonge hapo kwa kipande cha mti. "Bangili ya nje tu. Ukigusa ya ndani umeijeruhi kabla haijaanza kazi." Tap, tap, tap, ikakaa.

Yared akajifuta mikono. Halafu akasema, "Shikamoo, Mama," upya, kama hakuwa ameshamwamkia asubuhi.

"Marahaba. Kaza nati vizuri."

Saa tisa gurudumu lilirudishwa. Nikauma mwiko tena. Zamu hii nilisikia kitu kama mvua iliyo mbali sana, basi. Mama akauma, akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jioni alimpigia dada yake simu, akacheka, nikasikia jina langu. Nikajipa moyo nikamuuliza, "Mama, huwa mnanisemaje?"

"Namwambia siku hizi nyumba ina mtu anayeimba jikoni."

Yaani miezi yote hii!

Jumapili, 4 Mei

Na la kushoto limekamilika, kwa friza na jiko. Yared sasa anawaambia watu wa gereji kwamba huo ni utaalamu wake.

Alhamisi, 8 Mei

Elia alikuja kwa basi Jumanne, ameondoka na Chura leo. Alizunguka stesheni mara tatu kulijaribu, alirudi amefungua mdomo. "Nasikia saa yangu ya mkononi!" Alimbeba mama yake akamzungusha, mama akampiga kofi la mgongo. Nilifurahi kwa moyo wote. Naandika tena: kwa moyo wote.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua zinakwisha. Kesho.

Jumanne, 13 Mei

Nilikuwa naosha vyombo, nimefunga kichwa kwa kitambaa cha zamani, sina hata mafuta usoni. Mikono miwili ikanifumba macho kwa nyuma. Nilipiga kelele, nikavunja sahani ya zawadi. Ni yeye! Alikuwa ameshafika, ameshaegesha, ameshamsalimia mama, ameshavua viatu. Yote hayo na mimi sina habari.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini kuna kitu kilinipita. Ile dakika yangu. Tangu darajani mpaka mlangoni, pale anapokuwa anakuja na bado hajafika. Nilikuwa nayo mimi peke yangu, na sasa haipo.

Alhamisi, 15 Mei

Ameondoka alfajiri. Mlango, stata, taa zikafumbuka, na kwenye kona ya kwanza tu hakuna kitu. Zamani nilikuwa namsindikiza kwa masikio mpaka ng'ambo ya mto. Leo nilisimama barazani na khanga yangu, nikisikiliza, na kitu nilichosikia ni jogoo wa Shamimu.

Ile beringi mbovu Yared aliirudisha ilivyo, bangili na mipira. Nimeiosha kwa mafuta ya taa, nimeipachika pamoja, naiweka dirishani. Nikaichukua, nikaingiza vidole, nikaizungusha karibu na sikio. Kwaru-kwaru-kwaru. Nikaizungusha tena. Sijui ni kwa muda gani.

Mama mkwe akasimama mlangoni. "Magreti. Acha hiyo."

"Nasikiliza tu, Mama."

Akaja akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hajawahi kufanya. "Baba yake Elia walimhamishia Tabora. Nimekuambia?"

"Hapana, Mama."

"Miaka kumi na moja. Likizo anakuja, anakaa, anaondoka. Mimi nilikuwa nasubiri honi ya treni. Nilikuwa naijua ya kila dereva. Watu wananisifu, wanasema, mke wa mfano huyu, anasubiri." Akaichukua beringi mkononi mwangu, akaizungusha mara moja, akaizuia kwa kidole gumba. "Treni ilikuwa inakwenda Tabora pia. Sikupanda hata mara moja. Nilidhani kazi ya mke ni kusikiliza. Alirudi akiwa mgonjwa, nikamuuguza mwezi mmoja, akafa. Chumba alichokuwa analala kule sikijui kilikuwa na dirisha upande gani."

Nikaiangalia beringi mkononi mwake.

"Wewe cha mwenzako unakijua?"

"Wanalala wanne, Mama. Hawaruhusu wake kulala."

"Kulala nimesikia. Kufika?"

Nikamtazama. Sijawahi kuliwaza. Kweli kabisa, wiki zote hizi nimesimama juu ya ndoo, nimeota mlio, nimevunja sahani, na sijawahi kuwaza kwamba barabara inayomleta ndiyo hiyohiyo inayokwenda kwake.

"Basi linatoka asubuhi, jioni linarudi," akasema, ananyanyuka kwa magoti yake mabaya. "Na umpelekee chapati. Zako. Wale wanaopika kwa ajili ya wengine huwa hawapikiwi."

Nimeandika orodha: gauni la bluu, chapati, malimau ya kuwapa Metito na Seleina basi likisimama Ulaya. Sitampigia simu. Atakuwa amesimama jikoni kwake na kofia yake nyeupe, mgongo umeelekea mlango, anaonja mchuzi, na hatasikia mlio wowote, kwa sababu mimi sina mlio, nina miguu tu. Nitakuja, Elia. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja, nami nitakufumba macho kwa nyuma.